Alituzuru au Alitudhuru? Makosa ya Tahajia na Raha ya Mkereketwa wa Lugha

Mpenzi msomaji, hebu tuanzie langoni. Shule moja ilimwalika mgeni wa heshima aje kufungua maabara mpya. Kitambaa kirefu cheupe kilitundikwa juu ya lango kikiwa na maandishi mekundu: "Tunakushukuru kwa kuidhuru shule yetu." Mgeni akapita chini ya maneno hayo akitabasamu. Bendi ikapiga, hotuba zikatolewa, soda zikanywewa. Mimi nilikuwa miongoni mwa walimu waliotoka shule jirani, na nakiri kwamba sikusikia hotuba hata moja. Macho yangu yalikuwa yameganda kwenye herufi mbili tu: d na h. Kuzuru ni kutembelea. Kudhuru ni kuumiza. Shule ilikuwa imemshukuru mgeni wake kwa kuiletea madhara!

Nilipogeuza shingo nilimwona mwalimu mwingine, nisiyemjua, amekikodolea macho kitambaa kilekile. Macho yetu yakakutana. Hakusema neno, nami sikusema. Aliinamisha kichwa akacheka ndani ya leso yake, nami nikajua kuwa nimepata ndugu.

Naam, sisi ndio wakereketwa wa lugha. Hatuwezi kuingia mkahawani bila kusahihisha ubao wa vyakula: "samaki wa kukanga", ilhali kanga ni leso au ndege na samaki hukaangwa, "chapati na maragwe", ilhali mmea huo ni maharagwe. Wenzetu hutuona wasumbufu. Lakini raha hii, ikitumiwa vyema, ni nyenzo kubwa ya kufundishia na ya kujiandalia mtihani. Katika makala haya tunanuia kueleza makosa ya tahajia yanayojitokeza kila uchao, chanzo chake, mbinu za kuyaepuka, na hatimaye mipaka ya kalamu nyekundu.

Tahajia ina uzito gani?

Watahiniwa wengi hudhani kwamba tahajia ni suala la insha pekee. La hasha! Makosa ya hijai huadhibiwa katika insha, katika karatasi ya lugha na hata katika karatasi ya fasihi. Mtahiniwa aliyeisoma tamthilia mara tatu, anayeifahamu dhamira na kuwajua wahusika wote, huweza kupoteza nusu alama hapa na nusu alama pale hadi jitihada zake zikayeyuka kama barafu juani. Fauka ya hayo, kosa la tahajia hubadilisha maana. Anayeandika "ukame umewaadhiri wakulima" amesema kwamba ukame umewafedhehesha wakulima, kwa kuwa kuadhiri ni kuaibisha. Alitaka kusema umewaathiri.

Hata hivyo, tusisahau kuwa tahajia tunayoitetea haikushuka kutoka mbinguni. Waswahili waliandika kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi kutamalaki. Mswada wa Utendi wa Tambuka, kwa mfano, ni wa mwaka 1728. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliliandika jina la lugha hii "Suahili" katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Ilikuwa mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa, ambapo lahaja ya Kiunguja iliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930, na kamusi sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Tahajia basi ni mapatano. Mapatano hayo yaliacha baadhi ya mambo nje: Mswahili wa Mombasa hutofautisha paa mnyama na paa la nyumba kwa mpumuo wa sauti ya kwanza, lakini maandishi sanifu huyaandika maneno hayo sawasawa. Tunayafuata mapatano kwa sababu bila hayo mwandishi wa Busia na msomaji wa Lamu hawangeelewana. Hiyo ni sababu tosha. Wala haitupi kibali cha kuwadharau wasemao vingine.

1. Makosa ya sauti zinazokaribiana

Kundi hili ndilo kubwa zaidi, na aghalabu chanzo chake ni lugha ya kwanza ya mwandishi. Gikuyu haina sauti /l/, kwa hivyo mtoto aliyekulia katika lugha hiyo hulazimika kujifunza tofauti ya kalamu na karamu. Kikamba nacho hakina /r/ wala /h/, ndiyo maana "hapa" huwa "apa", na kuapa ni jambo jingine kabisa. Dholuo haina /sh/ wala /z/, basi "shule" hugeuka "sule" na "ongeza" hugeuka "ongesa". Hakuna aibu hapo. Kila mmoja wetu amekuja darasani na ulimi wa nyanyake. Kosa ni kutojua udhaifu wa ulimi wako na kuuacha uongoze kalamu.

Mtahiniwa, tengeneza orodha yako mwenyewe ya jozi zinazokusumbua. Hizi hapa za kuanzia:

kura (ya uchaguzi) na kula (chakula). Mahari (ya posa) na mahali (pa kukaa). Haya (soni) na aya (ya insha). Hama (ondoka) na ama (au). Shaka (wasiwasi) na chaka (kichaka). Shati (vazi) na chati (mchoro wa takwimu). Goma (kataa kufanya kazi) na ngoma (ya kuchezwa). Jaa (la taka) na njaa (ya tumbo).

Mwenye kuandika kwamba "wananchi walipiga kula" hakukosea kuhusu baadhi ya wanasiasa wetu, lakini mtahini hatacheka naye.

2. Dh, th na z: tumia mbinu ya ukoo

Hapa hata watangazaji na waandishi wa magazeti huteleza. Ni mara ngapi umesikia kwamba polisi "wamedhibitisha" kisa fulani? Kuthibitisha ni kuonyesha ukweli wa jambo. Kudhibiti ni kulitia jambo mkononi lisizidi mipaka. Polisi huthibitisha kisa, kisha hudhibiti ghasia.

Ipo mbinu nyepesi inayoweza kukuokoa. Mengi ya maneno haya yana asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo konsonanti za mzizi hubaki zilezile huku irabu zikibadilika. Kwa hivyo, ukishuku neno, tafuta jamaa yake unayemjua vyema. Jamaa huyo atakuonyesha herufi ya ukoo:

thabiti huzaa thibitisha, kwa th; udhibiti hutokana na dhibiti, kwa dh;
thamani huzaa thamini (kuona jambo kuwa na thamani); dhamana huzaa dhamini (kuchukua dhamana, kugharamia);
urithi, warithi na mirathi ni ndugu wa rithi; radhi ni ndugu wa ridhia na ridhisha;
athari huzaa athiri; adhabu huzaa adhibu;
ziara ni ndugu wa zuru. Madhara ni ndugu wa dhuru.

Laiti aliyeandika kile kitambaa cha langoni angejiuliza: je, mgeni anakuja kwa ziara au kwa madhara? Asingekosea.

Mwalimu, jaribu mbinu hii darasani. Andika ubaoni neno moja la ukoo, uwaombe wanafunzi wakuletee jamaa zake wote. Utaona kwamba wanafurahia kama watu wanaotafuta ndugu zao arusini. Na neno walilolipata kwa njia hiyo halisahauliki upesi.

3. Irabu zilizomezwa na ritifaa iliyopotea

Kiswahili hakina mchezo na urefu wa irabu. Kata ni kitenzi cha kisu. Kataa ni kukaidi. Koma ni kuacha. Komaa ni kupevuka. Shanga huvaliwa, shangaa ni kupigwa na butwaa. Mzazi akisoma katika ripoti kwamba mwanawe "amekoma kiakili", atafunga safari kuja kumwona mwalimu mkuu.

Neno jingine linalomezwa ni sherehekea. Wengi huandika "sherekea", wakaiacha silabi nzima njiani. Nakiri hadharani kwamba mimi mwenyewe nililiandika hivyo ubaoni kwa miaka, hadi mwanafunzi wa kidato cha pili aliponiletea kamusi mezani, ameifungua pale pale, kidole kikiwa juu ya neno. Nyani haoni kundule! Tumia mbinu ya ukoo hapa pia: nomino ni sherehe, basi kitenzi ni sherehekea.

Kuhusu ritifaa, ng'ombe bila alama hiyo si ng'ombe. Alama ile ndogo hutofautisha sauti ya ng'ombe, ng'oa na nyang'anya na ile ya ngoma, ngazi na ngano. Ukiisahau, umebadilisha sauti nzima.

4. Kuyatenga na kuyaunganisha maneno

Barua nyingi za mapenzi zimeandikwa "na kupenda". Maskini mpenzi! Aliyeandikiwa ameambiwa "pamoja na kupenda", wala hajaambiwa kupenda nani. Kitenzi cha Kiswahili, kuanzia kiambishi cha nafsi hadi irabu ya mwisho, ni neno moja: nakupenda, nitakuja, anakula, aliyekuwa, nilipoenda. Mtego uko katika viambishi vinavyofanana na maneno kamili. "Na", "ana" na "ni" huweza kusimama peke yake kwingineko, ndiyo maana mkono hushawishika kuacha nafasi. Jiulize: je, ninaweza kuingiza neno jingine katika nafasi hii bila kuvuruga maana? Ukishindwa, iunganishe.

Kwa upande mwingine, yako maneno yanayounganishwa bila idhini. Kwa sababu ni maneno mawili. Kwa hiyo vilevile. Bila shaka pia. Lakini kwamba ni neno moja, na ijapokuwa ni neno moja. Orodha hii haina njia ya mkato, inakaririwa.

Tuonye pia kuhusu simu. Kijana anayeandika "2ko" na "xaxa" kuanzia asubuhi hadi usiku hana dhambi, kwani anawaandikia rafiki zake kwa mtindo wao. Ila mkono una mazoea yake, na mazoea yana taabu. Siku ya mtihani mkono huo huweza kumsaliti.

5. O-rejeshi, na fumbo la ndio na ndiyo

"Wanafunzi waliyofaulu", "mambo yaliofanyika", "mtu aliekuja". Makosa haya matatu hujirudia katika insha kila muhula, na yote hutibiwa kwa kanuni moja. Kirejeshi cha nafsi ya tatu umoja katika ngeli ya A-WA ni -ye-, kwa hivyo aliyekuja, ambaye. Wingi wake ni -o-, kwa hivyo waliofaulu, ambao. Ngeli ya U huchukua -o-: mti ulioanguka. Viambishi i na ya huchukua -yo-: miti iliyoanguka, mambo yaliyofanyika.

Ukiishika kanuni hiyo, umelifumbua pia fumbo ambalo limewagombanisha wakereketwa kwa muda mrefu. Ndi- huchukua kirejeshi kilekile cha ngeli: mwalimu ndiye, walimu ndio, mti ndio, miti ndiyo, nyumba ndiyo, mambo ndiyo, vitabu ndivyo. Neno la kukubali, kinyume cha la, huandikwa ndiyo. Basi anayeulizwa kama amemaliza kazi na kujibu "ndio" amelijibu swali kwa kirejeshi cha walimu au cha mti. Raha ya mkereketwa hutimia hapa: kanuni moja ndogo, na milango sita ikafunguka.

Makosa yasiyo makosa

Msomaji wa fasihi ana jukumu la ziada. Katika maandishi ya sanaa, si kila neno lililopinda ni la kunyooshwa. Mshairi ana uhuru wake. Akiandika "alokuja" badala ya aliyekuja, amepunguza mizani. Hiyo ni inkisari. Akiandika "enenda" badala ya enda, amerefusha neno. Hiyo ni mazda. Akiandika "duniya" badala ya dunia, mizani imebaki mitatu ila herufi imebadilika ili kina kipatikane. Hiyo ni tabdila. Akisema "mato" kwa macho au "ndia" kwa njia, huenda anatumia lahaja yake ya pwani, na lahaja hiyo ina ushairi mkongwe kuliko kamusi yoyote sanifu.

Kadhalika mwandishi wa tamthilia huweza kumpa mhusika matamshi yenye athari ya lugha ya kwanza ili kutuonyesha atokako, elimu yake au tabaka lake. Mtahiniwa akiulizwa mtindo wa lugha ya mhusika kama huyo, asijibu kwamba mwandishi amekosea. Aeleze upotovu huo wa makusudi unajenga nini. Lakini onyo: anaponukuu, anukuu neno kama lilivyo ndani ya alama za mtajo, na anapoeleza kwa maneno yake mwenyewe, arejee kwenye usanifu. Uhuru wa mshairi haurithiwi na mtahiniwa!

Mipaka ya kalamu nyekundu

Sasa niseme na mwalimu mwenzangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kike aliyeandika insha kuhusu siku nyumba yao ilipobomolewa. Ilikuwa kazi ya kweli. Alieleza jinsi mamake alivyookoa sufuria kabla ya vitanda, kwa kuwa jioni ingefika na watoto wangetaka kula. Mimi, mkereketwa, nilizungushia duara makosa thelathini na moja. Sikuandika lolote kuhusu ile sufuria.

Insha yake iliyofuata haikuwa na kosa hata moja. Nilifurahi, kisha nikaisoma tena. Sentensi zote zilikuwa fupi. Kila neno lilikuwa neno la darasa la nne. Alikuwa ameacha kutumia neno lolote asilokuwa na hakika nalo, na kwa kufanya hivyo alikuwa ameacha kusema lolote. Ilinichukua takriban mihula miwili kumrudisha mahali nilipomtoa kwa dakika ishirini za wino mwekundu.

Tangu hapo nimejiwekea masharti manne. Kwanza, ninasoma insha nzima kabla ya kufungua kalamu. Pili, neno langu la kwanza pambizoni huhusu jambo lililosemwa, wala si herufi. Tatu, kosa linalojirudia nalionyesha mara moja tu, kisha namwachia mwanafunzi ayatafute mengine ya aina hiyo. Akiyapata mwenyewe, anaonja ile raha niliyoionja langoni. Nne, kabla ya kulihukumu neno, ninafungua kamusi. Arusi na harusi yote mawili yamo. Asante na ahsante vivyo hivyo. Mkereketwa asiyefungua kamusi ni mbishi tu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, tuuzibe ufa wa tahajia mapema. Ila fundi mwema huziba ufa bila kuwafukuza wenye nyumba.

Zoezi

Mtahiniwa, kifungu kifuatacho kina makosa kumi ya tahajia. Yatafute kabla ya kutazama majibu. Tahadhari: lipo neno moja lililowekwa kukutega, ambalo ni sahihi.

"Mama alifika mapema hasubuhi akiwa amebeba kikapu cha mboga. Alituambia kwamba wageni waliyotarajiwa wangekuja kwasababu ya arusi. Baba naye alikuwa amekwisha kuchinja ngombe. Mjomba, ambae huishi mjini, alidhibitisha kuwa mahali yalikuwa yamelipwa yote. Tulisherekea hadi usiku wa manane, na hakuna aliye kumbuka kuwa kesho yake ilikuwa siku ya kupiga kula."

Majibu: asubuhi, waliotarajiwa, kwa sababu, ng'ombe, ambaye, alithibitisha, mahari, tulisherehekea, aliyekumbuka, kura. Neno la mtego ni arusi.

Ukiyapata yote kumi bila kuligusa arusi, karibu kundini. Tutakutana siku moja chini ya kitambaa fulani, na hatutahitaji kuambizana neno. Na iwapo umelinasa kosa katika makala haya yenyewe, usinifiche. Lete kamusi.